Delta ya kale kisimani: uamini logi, kore au vipande, na visima uviunganishe vipi?

Kisima kinachopita kwenye delta iliyozikwa mamilioni ya miaka iliyopita kinakupa tundu lenye upana wa sentimita 20 hivi, na unatakiwa kueleza mambo yanayoenea kilomita 20. Mchanga umeuona, pengine na mafuta yamo. Je, ni mchanga wa mkondo uliokuwa na upana wa mita mia chache tu? Ni fungu lililojengeka mbele ya mdomo wa mto? Au ni ufuko uliopangwa na mawimbi, ukaendelea makumi ya kilomita kando ya pwani? Mahali pa kuchoronga kisima cha pili panategemea jibu hilo, na vivyo hivyo hesabu ya kiasi cha mafuta.

Hapa nalinganisha mambo katika ngazi mbili. Kwanza, ushahidi unaotoka kisimani wenyewe: logi (mstari wa vipimo vya vyombo vinavyoshushwa kisimani), kore (mche wa mwamba unaokatwa mzima), vipande vya mwamba vinavyopandishwa wakati wa kuchoronga, na picha za ukuta. Pili, njia mbili za kuoanisha kisima na kisima. Nitangulize msimamo wangu ili msomaji ajue ninakoelekea: ngazi ya pili ndiyo inayoangusha watu zaidi. Timu inaweza kuwa na kore nzuri na logi safi, kisha ikaharibu yote kwa kuchora mstari mmoja ulionyooka kutoka mchanga wa kisima hiki hadi mchanga wa kisima kile.

Logi ya gama: ipo kila kisima, lakini ni nyepesi wa kusema

Logi ya kwanza ya umeme ilipimwa tarehe 5 Septemba 1927 huko Pechelbronn, Ufaransa. Tangu wakati huo kushusha vyombo kisimani kumekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba ni vigumu kukuta kisima cha mafuta kisicho na logi. Kwa kazi ya delta, inayotazamwa kwanza ni logi ya gama. Inapima mionzi ya asili inayotoka kwenye potasiamu, thoriamu na urani. Tope lina vitu hivyo kwa wingi, mchanga safi wa kwatsi hauna. Kwa hiyo mstari ukienda kushoto tunasema mchanga, ukienda kulia tunasema tope.

Kinachopendwa ni umbo la mstari. Delta inaposogea kuelekea baharini, mchanga wa mdomo wa mto unapanda juu ya tope lililotangulia kutulia mbele yake. Mwaka 1894 mwanajiolojia Mjerumani Johannes Walther aliieleza kanuni inayotuongoza hapa: mazingira yaliyokuwa jirani kwa upana ndiyo yanayokuja kupangana kwa wima, mradi mfuatano haujakatika. Hivyo chini unakuta tope, kisha tope lenye nyuzi za mchanga, kisha mchanga unaozidi kuwa safi kadiri unavyopanda. Mstari wa gama unachora faneli, nyembamba chini na pana juu. Mkondo uliojaa taratibu huchora kengele, kwa kuwa mchanga mkubwa uko chini na unakuwa mwembamba juu. Mkondo uliojaa mchanga mtupu huchora sanduku.

Sifa kubwa ya logi ni kwamba haina pengo. Visima hamsini, mita baada ya mita, vyote kwa kipimo kimoja. Hakuna ushahidi mwingine kisimani unaokupa hilo kwa gharama kama hiyo, na anayeidharau logi hajawahi kuoanisha visima vingi.

Udhaifu wake una sura mbili. Ya kwanza ni kwamba umbo moja lina wazazi wengi. Faneli ya mita nane inaweza kuwa fungu la mdomo wa mto, inaweza kuwa ufuko uliojengwa na mawimbi, na inaweza hata kuwa mchanga wa bahari ya kina usiohusiana na delta kwa karibu. Faneli fupi za mita mbili hadi nne mara nyingi ni mchanga uliomwagika kwenye ghuba ndogo baada ya kingo za mkondo kubomoka. Ukilitazama umbo peke yake, huwezi kujua ni lipi.

Sura ya pili ni kwamba gama inapima mionzi. Ukubwa wa chembe haiujui. Mfano unaostahili kukumbukwa uko Bahari ya Kaskazini, kwenye kundi la miamba la Brent la kipindi cha Jura ya Kati, ambalo ni masalia ya delta iliyosonga kuelekea kaskazini. Kutoka chini kwenda juu lina Broom, Rannoch, Etive, Ness na Tarbert. Herufi za kwanza zinaunda jina lenyewe. Rannoch ni mchanga, lakini umejaa maika, madini ya vigamba vyembamba ving'aavyo, na maika ina potasiamu. Gama inapanda. Anayesoma kwa haraka anaandika tope mahali penye mchanga unaobeba mafuta. Ubaya zaidi, maika huivuruga hata jozi ya logi ya msongamano na logi ya nyutroni, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kuamulia ugomvi wa mchanga au tope. Gama inayotenganisha potasiamu, thoriamu na urani husaidia, lakini atakayekuonyesha maika yenyewe ing'arayo ni kore.

Kore: mita chache zinazosema mengi

Kore ni mche wa mwamba, upana wake karibu sentimita 10, unaokatwa na kupandishwa ukiwa ndani ya bomba. Bomba moja huwa na urefu wa mita 9, nayo huungwa mawili au matatu. Ukifika juu, mche unapasuliwa kwa urefu kama mche wa sabuni, unalazwa mezani, na unaanza kuusoma kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa ndivyo ulivyojengeka.

Mwagia maji uso uliopasuliwa. Mwamba mkavu huficha, ukilowa mistari inatokea. Chini kabisa kuna tope jeusi lenye nyuzi za mchanga mwembamba kama uzi wa kushonea, na hapa na pale vibonge vizito vya kahawia vyenye chuma. Tafuta matundu ya wanyama waliochimba. Kama ni machache, madogo na ya aina moja au mbili, hiyo ni habari: wanyama wa baharini walibanwa, ama na maji baridi ya mto yaliyokuwa yakibadilisha chumvi mara kwa mara, ama na tope lililoshuka kwa kasi kuliko walivyoweza kuhimili. Panda kidogo. Ukikuta viwimbi vya mchanga vimepandiana mgongoni, kila kimoja kikimkwea mwenzake, jua mto ulikuwa unamwaga mchanga kwa haraka mno kiasi kwamba mkondo haukupata nafasi ya kuufagia. Hapo nguvu ya mto ndiyo iliyotawala.

Mawimbi huacha alama nyingine. Tope linakuwa limefagiwa, mchanga umesafika, tabaka zimejipinda kwa mabonde na vilima vipana visivyo na upande mmoja, na matundu ni mengi, yakiwemo yale makubwa ambayo kuta zake zimepambwa kwa vidonge vya tope, kazi ya jamaa za kamba wanaochimba chini ya mchanga.

Alama ya maji kujaa na kupwa ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mchanga uliowekwa na mkondo wa maji yanayojaa hufunikwa na utando mwembamba wa tope maji yanapotulia, kisha yanapopwa mchanga kidogo tena, kisha utando wa pili. Nyuzi mbili mbili. Ukihesabu unene wa mchanga kati ya nyuzi hizo, unaweza kuona ukinenepa taratibu na kukonda taratibu: bamvua, maji mafu, bamvua tena. Wiki mbili za bahari ya kale ziko kwenye kipande unachoweza kukishika kwa mkono mmoja. Na zaidi ya uzuri wake, nyuzi hizo za tope ni kizuizi. Mafuta yanayopita kwa urahisi kwa ulalo hushindwa kupita kwa wima, na logi ya gama, ambayo uwezo wake wa kutofautisha ni kiasi cha nusu mita, itauchora mchanga huo kama mchanga mmoja mchafu kidogo.

Nguvu hizi tatu, yaani mto, mawimbi, na maji kujaa na kupwa, ndizo mwanajiolojia Galloway alizoziweka kwenye pembe za mchoro wake wa pembetatu mwaka 1975. Bado tunautumia kwa sababu kila pembe ina umbo lake la mchanga. Mississippi, inayotawaliwa na mto, hutoa mchanga mrefu unaoelekea baharini kama vidole vya ndege. São Francisco ya Brazili, inayotawaliwa na mawimbi, hutandaza mchanga kando ya pwani. Fly ya Papua New Guinea, inayotawaliwa na kujaa na kupwa, hujenga mafungu marefu yaliyolala kufuata njia ya maji, yaani kukata pwani. Ukijua pembe, unajua kisima cha pili ukiweke upande gani. Logi inakuambia kwamba mchanga ulijengeka. Kwa habari ya nguvu iliyoujenga, rudi kwenye kore.

Kwa nini basi kila mtu asikate kore kila kisima? Kwanza ni muda wa mtambo, ambao ni ghali. Pili, mita 18 za kore ni mita 18 za mahali pamoja, na delta moja inaweza kuwa ya mawimbi upande mmoja wa mdomo na ya mto upande wa pili. Delta ya Niger yenyewe ya leo ni mchanganyiko wa mawimbi na kujaa na kupwa. Tatu, kina cha kore hupimwa kwa mabomba ya kuchorongea na kina cha logi hupimwa kwa waya, na viwili hivyo hutofautiana, pengine kwa mita kadhaa. Usiposogeza kore mpaka mionzi yake ilingane na logi, utakuwa unaeleza mchanga kwa picha ya tope lililo juu yake.

Vipande na picha za ukuta

Vipande vinavyopandishwa na tope la kuchorongea (majimaji yanayozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga, si tope la mwamba) hukusanywa kila mita 3 hadi 10 hivi. Vimesagika, vimechelewa njiani, na vimechanganyika na vilivyodondoka kutoka juu ya kisima. Kwa kutambua muundo wa delta havifai. Kwa visukuku vidogo na chavua vinafaa sana, kwa sharti moja: kwa kuwa vya juu hudondokea chini, amini mahali ambapo aina fulani inaonekana kwa mara ya kwanza ukishuka, na usiamini inapoonekana kwa mara ya mwisho. Delta ya Niger imesomwa kwa namna hii miaka mingi, na chavua ya mikoko ni miongoni mwa alama zinazotumika kutambua vipindi ambavyo bahari ilikuwa karibu.

Picha za ukuta wa kisima huchorwa na vifungo vingi vidogo vinavyopima umeme kwenye mwamba, na huona mambo ya milimita chache. Zina jambo moja ambalo kore ya kawaida haina, nalo ni mwelekeo. Zinakuonyesha tabaka za ndani ya mchanga zimeinamia upande gani, kwa hiyo mkondo ulielekea wapi. Ila kwanza ondoa mwinamo ulioletwa na miamba kukunjika baadaye, na mwinamo huo unaupata kwenye tope, lililotulia likiwa karibu bapa. Ukiwa na kore kwenye kisima jirani ya kukufundisha kila sura kwenye picha ina maana gani, picha zinatosha. Bila kore yoyote eneo zima, picha zina kishawishi kikubwa cha kuona unachotaka kuona.

Kuunganisha visima: mchanga kwa mchanga, au gharika kwa gharika?

Chukua visima viwili, A na B, vimeachana kilomita 2 kwa kufuata njia ambayo delta ilisonga, A nchi kavu na B upande wa baharini. Juu yao vyote kuna tabaka jembamba la tope lenye gama kubwa kuliko yote, alama ya wakati bahari ilipopanda na kuifunika delta. Niite uso huo gharika. Kwenye A, mchanga unaanza mita 12 chini ya gharika. Kwenye B, unaanza mita 14 chini yake. Faneli zote mbili zinafanana.

Njia ya kwanza, ya mchanga kwa mchanga, inaunganisha. Tofauti ya mita 2 kwa kilomita 2 haionekani kitu. Unapata mchanga mmoja, hodhi moja (mwamba mmoja unaohifadhi mafuta), na kiwango kimoja cha mafuta na maji kwa vyote viwili.

Njia ya pili inauliza: delta inajengekaje? Uso wake wa mbele una mteremko, na kila mwaka wa mafuriko huweka utando mpya juu ya mteremko huo. Mteremko ni mdogo, aghalabu chini ya nyuzi (digrii) moja au mbili. Tuseme nusu nyuzi. Kwa kilomita 2, nusu nyuzi ni mita 17 na nusu. Maana yake, uso uliokuwa kilele cha fungu pale A, ukiufuata kuelekea baharini, utaukuta B ukiwa takriban mita 29 chini ya gharika. Hapo B hapana mchanga wa maana, pana tope lenye nyuzi. Mchanga wa B ulio mita 14 ni mdogo kwa umri kuliko wa A. Ulijengeka baada ya delta kusonga. Kati yao kunaweza kuwa na utando wa tope ulioinama kama vigae vya paa.

Kwa logi zile zile tumepata picha mbili. Katika ya kwanza, mafuta ya A yanakupa matumaini kwamba B nayo inayo. Katika ya pili, kila mchanga ni wa kuthibitishwa peke yake, na ukija kuzalisha, maji unayosukuma kwenye B huenda yasiifikie A. Shinikizo likipimwa kwenye visima vyote viwili baada ya uzalishaji kuanza, ukweli hujitokeza, lakini wakati huo visima vimeshachorongwa.

Niseme pia upande wa pili wa haki. Juu ya mteremko, mikondo ya delta hukwangua utando wa tope, na vigae vikaunganika kwenye vilele vyao. Kwa hiyo njia ya pili haisemi kwamba michanga imetengana. Inasema ni wapi pa kutafuta mtengano, nako ni chini, kuelekea kidole cha mteremko.

Mfano ninaoupenda wa kuonyesha kwa nini jina la mwamba si jina la wakati ni Niger yenyewe. Kuna Akata, tope la baharini chini. Agbada, mchanga na tope vikipokezana, ambamo mafuta mengi yamo. Na Benin, mchanga wa nchi kavu juu. Ukichora kwa majina, unapata keki ya tabaka tatu. Lakini leo hii, siku moja, mchanga wa aina ya Benin unatulia bara, wa aina ya Agbada unatulia pwani, na tope la aina ya Akata linatulia mbele baharini. Mstari wa wakati unayakata majina yote matatu. Juu ya hayo, nyufa zilizokuwa zikikua huku mchanga ukishuka zimefanya tabaka zinenepe upande uliozama, kwa hiyo kuhesabu michanga kutoka juu na kuilinganisha moja kwa moja kuvuka ufa kunapotosha. Hapo visukuku ndivyo vinavyookoa.

Kule Alberta, Kanada, miamba ya Dunvegan ya kipindi cha Kretasia ilipangwa upya na wanajiolojia Bhattacharya na Walker katika kazi yao iliyotoka mwaka 1991. Walitumia logi nyingi pamoja na kore, na wakagawanya kwa nyuso za gharika. Kilichotokea ni kwamba delta za ndani ya mwamba mmoja zilijitenga: nyingine zilitawaliwa na mto, nyingine na mawimbi. Kwa jina moja la mwamba tofauti hiyo ingezama.

Mchanga kwa mchanga unafaa lini basi? Unapounganisha kando ya pwani ya kale kwenye delta ya mawimbi, ambako fungu moja huendelea mbali bila kuinama. Unapokuwa na visima vilivyokaribiana mita mia mbili tatu. Na kwa ramani ya haraka ya eneo kubwa, ambapo swali ni kama mchanga upo au haupo. Nje ya hapo mimi nachagua gharika, na mchoro wangu naulaza juu ya gharika yenyewe au juu ya tabaka la makaa ya mawe. Sijawahi kupata sababu ya kuulaza juu ya kilele cha mchanga, kwa kuwa kilele hicho ndicho ninachojaribu kukielewa.

Ukilazimika kuchagua

Mwenye eneo la zamani lenye visima arobaini na logi tupu asikimbilie kore. Aanze kutafuta nyuso za gharika kwenye visima vyote, achore miteremko, na atambue ni mahali gani hasa picha mbili zinapingana. Kore ikatwe hapo.

Mwenye kisima cha kwanza kwenye eneo jipya akate kore, hata kama itamaanisha kupunguza vyombo vingine. Bila kujua nguvu iliyotawala, hana msingi wa kuweka kisima cha pili. Mwenye mchanga wa maika au feldispa (madini mengine yanayoweza kuwa na potasiamu) aombe gama yenye kutenganisha vyanzo kabla ya kuandika neno tope popote.

Na mwenye mita 18 tu za kore, aziweke wapi? Mazoea ni kusubiri mchanga wenye dalili za mafuta ndipo bomba la kore lishuke. Kwa njia hiyo unapata mwili wa mchanga, ambao logi ingekueleza kwa kiasi kizuri, na unakosa mipaka. Kama kisima jirani au data za mitetemo zinakuruhusu kukisia kina, anza tope la juu likiwa bado linakatwa. Ikibidi kupoteza mpaka mmoja, mimi napoteza wa juu. Mpaka wa chini ndio unaotenganisha fungu na mkondo: kwenye fungu, tope linageuka mchanga polepole ndani ya mita kadhaa. Kwenye mkondo, tope limekatwa ghafla kwa mstari mkali, na juu tu ya mstari huo, ndani ya mchanga mkubwa, utakuta vibonge vya tope lile lile, vimeviringika kidogo, vilivyong'olewa kwenye ukingo na kuangushwa sakafuni.

Tofauti hiyo inafuata mpaka siku ya kuzalisha. Fungu lina upitishaji (wepesi wa kupitisha maji na mafuta) mzuri zaidi juu. Maji yanayosukumwa hupita juu kisha uzito wake huyavuta chini, na mchanga husafishwa vizuri. Mkondo una upitishaji mzuri chini. Maji hukimbia sakafuni na kuacha mafuta juu.